Naomba ushauri: nataka kubadilisha mkanda wa taimingi mwenyewe nyumbani (injini 3S-FE)

Mwendo_Taratibu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina RAV4 ya toleo la kwanza, injini 3S-FE, gia za mkono. Niliinunua ikiwa imeshatumika na aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya lini mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni) ulibadilishwa. Gari inawaka vizuri na haina mlio wa ajabu. Ila chini ya kava la mkanda pana oili inajikusanya, na kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua taratibu bila kuona doa chini ninapoegesha.

Breki, shokapu na plagi nabadilisha mwenyewe siku zote, na vifaa ninavyo: jeki, stendi mbili, seti ya soketi, toki renchi. Taimingi sijawahi kuigusa, na nataka niifanye kwa mikono yangu ili nijue kilichofungwa mle ndani ni kitu gani.

Nauliza: nibadilishe nini pamoja na mkanda? Boliti ya puli ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) naifunguaje bila mashine ya upepo? Na kubwa kuliko yote, alama za taimingi nazipangaje niwe na uhakika kabla ya kuwasha?

---

Spana_Kumi

Karibu mkuu. Kazi hiyo inafanyika nyumbani bila kushusha injini, ukiwa na nafasi tambarare na siku nzima isiyo na haraka.

Kwa injini yako usinunue mkanda peke yake. Kwenye 3S-FE mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu ya maji, na pampu ya oili pia. Maana yake ukifungua kava, mbele yako pana kamu (shafti inayofungua valvu), kranki, pampu mbili, beringi ya tensheni (inayokaza mkanda) na beringi ya pili ya kuongozea mkanda. Chochote kati ya hivyo kikifa mwezi ujao, unarudia kazi yote upya.

Mimi ningenunua mkanda, beringi zote mbili, springi ya tensheni, pampu ya maji na gasketi yake, sili (pete ya kuzuia oili isivuje) ya kamu, sili ya mbele ya kranki na sili ya shafti ya pampu ya oili. Hiyo oili unayoiona chini ya kava karibu hakika inatoka kwenye mojawapo ya sili hizo tatu. Kulanti inayopungua bila doa, angalia pampu ya maji: ina kitundu kidogo chini ya shafti, na sili yake ya ndani ikichoka maji hutokea hapo, yakakaukia kwenye bloku kabla hayajafika chini. Ukiona alama ya rangi ya kulanti iliyokauka chini ya hicho kitundu, umempata mwizi.

Mkanda uliolowa oili au kulanti usiurudishe hata kama unaonekana mpya. Mpira unalainika, meno yanaanza kung'oka.

---

Kirungu

Boliti ya kranki isikusumbue. Weka soketi ya 19 na mpini mrefu, uegemeze chini kwenye fremu, halafu piga stata kidogo tu. Inalegea yenyewe.

---

DadaInjini

Kirungu, tafadhali ndugu yangu, usimshauri hivyo mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza, tena peke yake. Stata ina nguvu ya kuurusha ule mpini. Ukichomoka kwenye fremu unaweza kuvunja mkono wa mtu, kupasua rejeta au kuharibu kichwa cha boliti. Na kama plagi zina moto, injini inaweza kuwaka huku mpini ukiwa bado umekaa pale.

Mwendo_Taratibu, una bahati gari yako ni gia za mkono. Fanya hivi kabla hujafungua mauntingi (vishikio vinavyoibeba injini) ya injini: gari likae kwenye stendi, tairi la mbele kulia limetoka, mwingine akae ndani aweke gia ya tano na akanyage breki kwa nguvu. Wewe vuta mpini mrefu kinyume cha saa. Kranki haitazunguka, boliti italegea. Wenye gia za otomatiki hawawezi kufanya hivyo, wao watumie kishikio kinachofungwa kwenye matundu ya puli au mashine ya upepo.

Boliti ikitoka, puli isipotoka kwa mkono tumia kivutio cha puli chenye boliti zinazoingia kwenye matundu yake. Usiichokonoe na bisibisi pembeni: puli ile ina pete ya mpira katikati, ukiivuta upande mmoja mpira unaachia na puli inaanza kuyumba.

---

Mzee wa Beringi

Vijana mmesema vizuri. Mimi niongee juu ya alama, maana hapo ndipo kazi ilipo, mengine yote ni kufungua na kufunga.

Mwanangu, anza kwa kutoa betri na plagi zote nne. Plagi zikitoka injini haina mgandamizo, utaizungusha kwa mkono na utahisi mapema kitu chochote kikigoma. Weka jeki chini ya sampo ya oili na kipande cha mbao katikati, ibebe injini kidogo tu, ndipo utoe mauntingi ya upande wa kulia. Mkanda wa alteneta na wa pampu ya stelingi vitakuwa vimeshatoka.

Kabla hujatoa mkanda wa zamani, zungusha kranki kufuata saa mpaka mfuo ulio kwenye puli ya kranki ukae kwenye 0 ya kava la chini. Sasa tazama juu. Puli ya kamu ina tundu, na nyuma ya tundu hilo, kwenye kifuniko cha beringi ya kwanza ya kamu, pana alama. Alama ionekane katikati ya tundu. Kama tundu liko upande mwingine kabisa, usiogope: kranki huzunguka mara mbili kamu ikizunguka mara moja, kwa hiyo ongeza mzunguko mmoja wa kranki na tundu litafika mahali pake. Hapo pistoni namba 1 iko juu kabisa na valvu zake zimefunga.

Kuna watu huchora rangi kwenye mkanda wa zamani na puli, kisha huhamishia michoro kwenye mkanda mpya. Mimi siipendi njia hiyo ikiwa peke yake. Kama aliyefunga zamani alipishana jino moja, wewe utalinakili kosa lake kwa uaminifu. Amini alama za kiwanda kwanza.

Ukishautoa mkanda, usizungushe kranki wala kamu ovyo. Pampu ya oili na pampu ya maji hazina taimingi, hizo zungusha utakavyo, na zungusha kweli: sikiliza kama zinakwaruza.

---

Mwendo_Taratibu

Asanteni sana, hasa dada kwa hilo la stata. Nilikuwa nimeshalisikia kwingine na nilikuwa naliwaza.

Mzee wangu, shikamoo. Swali moja: mkanda ukikatika kwenye injini hii, valvu zinapinda? Nasikia maneno mawili tofauti.

---

Mzee wa Beringi

Marahaba. 3S-FE inajulikana kama injini ambayo valvu na pistoni hazikutani. Mkanda ukikatika injini inazima tu. Lakini usilichukue hilo kama ruhusa ya kusubiri, kwa sababu inazima palepale ulipo, hata kama unalipita lori, na stelingi inakuwa nzito mikononi. Injini nyingine ukibahatisha hivyo unanunua valvu, na pengine hedi nzima.

---

Spana_Kumi

Niongeze kuhusu sili maana watu wengi hubadilisha sili na bado zinavuja. Tatizo mara nyingi ni namna ya kuitoa. Bisibisi ikikwangua shafti, hata mstari mwembamba kama unywele, sili mpya itavujia hapo. Funga ncha ya bisibisi kwa utepe. Ukiingiza mpya, paka oili kwenye mdomo wake wa ndani, igonge taratibu na kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, na iishie kina kilekile ilichokuwa ya zamani.

Mkanda wenyewe usiukunje, usiupindue ndani nje, usiuweke karibu na oili. Ndani yake kuna nyuzi za kioo, na ukizikunja zinavunjika bila kuonekana. Kama una mshale, uelekeze upande injini inakozunguka. Na ile sahani inayokaa mbele ya gia ya kranki, upande wake uliobonyea kama kikombe utazame nje.

---

Mwendo_Taratibu

Wakuu, niko katikati ya kazi. Sili ya kranki ndiyo iliyokuwa inavuja, na pampu ya maji ina alama ya kulanti iliyokauka kama alivyosema Spana_Kumi. Vyote vipya vimeingia. Beringi ya tensheni ya zamani ukiizungusha inakwaruza.

Sasa nimefika kwenye mkanda mpya. Alama zilikaa sawa. Nimezungusha kranki mizunguko miwili kwa mkono, hakuna kilichogoma. Puli ya kranki iko kwenye 0, lakini alama ya kamu haiko katikati ya tundu, imesogea kama nusu ya jino. Nifanye nini?

---

Mzee wa Beringi

Umefanya vyema kusimama na kuuliza.

Mkanda hauwezi kuruka nusu ya jino. Kwa hiyo ama unatazama kwa pembeni, ama mkanda una ulegevu mahali pasipotakiwa. Anza na la kwanza: jicho lako liwe sawasawa mbele ya tundu, tumia kioo na tochi kama fenda inakuzuia. Ukitazama kutoka juu, alama huonekana imehama hata kama iko katikati.

Kama bado imehama, ulegevu umebaki upande unaovutwa na kranki. Upande ule unatakiwa ukaze kabisa, ulegevu wote uhamie upande wa tensheni, springi iumalize. Legeza boliti ya beringi ya tensheni nusu mzunguko tu, springi ibaki imeivuta. Zungusha kranki mizunguko miwili kufuata saa, 0 mpaka 0, kisha tazama alama tena. Zikikaa sawa, endelea kuzungusha polepole mizunguko 1 na 7/8, yaani usimame kwenye alama ya nyuzi 45 kabla ya 0. Hapo ndipo ukaze boliti ya tensheni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Halafu zungusha miwili tena na uhakikishe.

Ukiipita alama usirudishe nyuma. Ukizungusha kinyume unahamisha ulegevu kurudi upande ule mbaya na kipimo chote kinaharibika. Zungusha mbele mpaka uifikie tena.

Na kama baada ya yote hayo imehama jino zima, toa mkanda, panga upya. Hapana njia ya mkato hapo.

---

DadaInjini

Nakubaliana na Mzee kwa kila neno. Ukimaliza, uache mkono wako ndio uwe wa kwanza kuzungusha injini, stata ifuate baadaye. Kwa mkono ukihisi kitu kigumu unasimama. Stata haisimami.

Ikiwaka, sikiliza. Mlio mwembamba unaopanda na kasi ya injini ni dalili mkanda umekazwa kupita kiasi. Injini ikitetemeka bila gari kutembea na nguvu imepungua, rudi kwenye alama kabla ya kushuku kitu kingine. Gari yako ina distribyuta (kigawa moto wa plagi) inayozungushwa na kamu, kwa hiyo jino moja likipishana hata moto wa plagi unahama. Ukipata taa ya kupimia taimingi, unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha majaribio, injini ikiwa ya moto, alama isome nyuzi 10 kabla ya 0.

Kulanti ijaze polepole kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto, mpaka mapovu yaishe. Kesho yake injini ikiwa baridi angalia tena, lazima itashuka kidogo.

---

Mwendo_Taratibu

Imekubali! Ulegevu ndio uliokuwa tatizo. Baada ya nyuzi 45 na kukaza, alama zimekaa katikati kabisa, nimezungusha tena na hazikuhama. Imewaka mara ya kwanza, imetulia, chini pakavu. Kulanti ilishuka kidogo asubuhi, nimeongeza, tangu hapo imesimama palepale. Nimeandika tarehe na kilomita kwenye karatasi nikabandika juu ya kava.

Mzee, Dada, Spana_Kumi, Mungu awabariki.

---

Bonde_la_Juu

Hongera mkuu. Samahani kudandia uzi: mimi nina Prado ya dizeli, 1KZ-TE. Taa ya T-BELT (ya mkanda wa taimingi) imewaka kwenye dashibodi, gari inatembea vizuri tu. Ina maana mkanda umeanza kukatika? Naweza kuendelea nayo hadi mwisho wa mwezi?

---

Mzee wa Beringi

Taa ile haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na imekwambia muda wake umefika. Mkanda wako unaweza kuwa mzima au ukawa umebakiza siku, na hakuna dalili utakayoisikia kabla.

Usiifananishe na injini ya mwenzako hapo juu. Hiyo ni dizeli, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno, mkanda ukikatika vinagongana. Safari ndefu ziahirishe zote, nunua mkanda na beringi yake wiki hii. Na kama aliyekuuzia anadai ulishabadilishwa na taa haikuzimwa tu, fungua kava la juu uutazame mwenyewe kabla ya kumwamini.