Kwa nini kazi za michezo ya mtandaoni huchosha upesi?

Kijana wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Kwa miezi saba nimekuwa nikicheza RuneScape, mchezo ulioanza mwaka 2001, na mwanzoni nilikuwa nikikesha. Siku hizi, baada ya sala ya Isha, hufungua simu, nikatazama kazi zinazoningoja, kuua popo kadhaa hapa, kukata magogo kule, kisha nikaizima. Linalonishangaza ni kwamba mojawapo ya kazi zangu za mwanzo, ya kumtafutia mpishi wa ngome yai, maziwa na unga ili aoke keki ya siku ya kuzaliwa ya mtawala, niliipenda mno, ilhali haina pigano hata moja. Nilivuna ngano kwa mkono wangu, nikaipandisha juu ya kinu, nikashuka chini kuuzoa unga. Je, hadithi ndiyo iliyopungua, au ni mimi niliyekinai?

Msomaji wa Malindi

Wa alaikumu salamu. Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw alitengeneza MUD, mojawapo ya michezo ya kwanza ya kuchezwa na watu wengi pamoja kwa maandishi, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa aina nne: wanaotafuta vyeo, wanaotafuta kuvumbua, wanaotafuta wenzao wa kuzungumza nao, na wanaopenda kuwashambulia wengine. Wewe naona ni mvumbuzi. Ulikipenda kile kinu kwa sababu hukuwa umekijua.

Mzee wa Mkomani, Lamu

Mwanangu, kumpa mchezaji jina la aina yake hakuiponyi kazi iliyo butu. Mkumbuke Saada, yule mjakazi wa mama yake Fumo Liyongo. Kazi yake ilikuwa kumpelekea Liyongo chakula gerezani alikofungwa, nacho kila kizuri walinzi walikila. Ndipo Liyongo akampa wimbo wenye maneno ya mafumbo, mama akaufahamu, akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate ule, ukamfikia mfungwa, naye akakata minyororo wakati ngoma ya gungu ikivuma nje na kuifunika sauti ya chuma. Tangu utotoni nimeisikia hadithi hii barazani, na kila ifikapo pale mlangoni mlinzi anapoushika mkate, mimi hunyamaza. Kazi ya Saada ni ileile ya michezo yenu, chukua hiki umpelekee fulani, lakini ndani ya mkate mna tupa, na Saada akikosea mtu atakufa. Nionyesheni tupa iko wapi katika magogo yenu.

Msomaji wa Malindi

Mzee wangu, nimekubali, ila liko jambo moja zito. Liyongo alitoroka mara moja tu, ilhali katika mchezo wa mtandaoni akina Saada ni maelfu, na kila mmoja lazima aukute mkate bado haujaokwa. Mpishi yule, akishapewa unga na kijana wetu, humwomba tena mgeni anayefuata. Mwaka 2008 watengenezaji wa World of Warcraft, mchezo mwingine wa mtandaoni, walijaribu kulitatua tatizo hili kwa kufanya mahali pamoja paonekane tofauti kwa kila mchezaji kulingana na alipofika katika hadithi. Niliona kijiji nilichokipigania kikibadilika, na moyo wangu ulifurahi kweli. Lakini ndugu yangu, ambaye tulikuwa tukicheza naye bega kwa bega chumba kimoja, hakukiona kijiji hicho, wala mimi sikumwona yeye, mpaka naye alipoifikia sehemu ile siku tatu baadaye.