Advent of Code 2021, siku ya 6: sehemu ya pili inameza RAM yote

mwana_python:
Wakuu, habari zenu. Nipo kwenye Advent of Code, yale mafumbo ya programu ya kila Desemba. Fumbo la siku ya 6 linauliza samaki watafika wangapi baada ya siku 80 (sehemu ya kwanza) na 256 (sehemu ya pili). Kila samaki ana namba inayopungua kwa 1 kila siku. Ikifika 0, kesho yake anarudi 6 na kuzaa mwenzake mwenye 8. Nimeweka kila samaki kwenye orodha. Kwa siku 80 jibu linatoka papo hapo, lakini kwa siku 256 kompyuta inaganda, kisha mfumo unaiua Python. Nibadilishe nini? Halafu nataka kuweka kodi GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kushiriki kodi) tulinganishe, kuna masharti?

kitanzi_9:
Usihifadhi samaki, hifadhi idadi yao. Samaki wote wenye namba 3 leo watazaa siku moja, hakuna haja ya kuwatofautisha. Unahitaji visanduku 9 tu, 0 hadi 8:

```
hesabu = [0] * 9
for n in samaki:
    hesabu[n] += 1
for _ in range(256):
    wazazi = hesabu.pop(0)
    hesabu[6] += wazazi
    hesabu.append(wazazi)
print(sum(hesabu))
```

Ule mfano mdogo uliomo kwenye fumbo, samaki watano wa 3,4,3,1,2, peke yake unafikia samaki 26,984,457,539. Orodha ya Python inatumia baiti 8 kwa kila kipengele, yaani zaidi ya GB 215, na data yako halisi ina samaki wengi zaidi ya watano.

Pima kwanza kwa mfano huo: siku 18 zitoe 26, siku 80 zitoe 5934. Zikikataa, angalia mstari wa `hesabu[6]`. Lazima uje baada ya `pop`. Ukitangulia, wazazi wanasogezwa pamoja na wengine, wanaangukia 5 na kuzaa siku moja mapema.

baiti_nane:
Nyongeza kwa wa Java na C: `int` ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Sehemu ya kwanza inapita vizuri, ya pili inatoa namba hasi au ya ajabu bila ujumbe wowote wa kosa. Tumia `long` kwenye Java, `long long` kwenye C. JavaScript haina shida hiyo hapa, ila geuza data kwa `Number` mara tu unapoisoma, la sivyo "1" + "1" inakuwa "11".

mlinzi_wa_repo:
Kuhusu GitHub: kodi ni yako, iweke wazi. Lakini Eric Wastl, mtunzi wa mafumbo, ameomba tusisambaze maandishi ya mafumbo wala data tunazopewa. Tuheshimu hilo, anatupa kazi hii bure tangu 2015. Weka data kwenye folda `data/` na uiandike ndani ya `.gitignore` (faili la kuiambia Git vitu vya kuacha) kabla ya komiti ya kwanza, yaani kabla Git haijahifadhi toleo lolote la kodi.

Kama imeshaingia, `git rm -r --cached data` haitoshi, maana komiti za zamani bado zinayo. Kloni upya (pakua nakala mpya ya repo), kisha tumia `git filter-repo`, zana inayosakinishwa kando na Git:

```
git filter-repo --path data --invert-paths
```

Amri hiyo huondoa `origin` (anwani ya repo yako ya GitHub), kwa hiyo irudishe kwa `git remote add` kisha upakie kwa `--force`. Na kuki ya kuingilia kwenye tovuti isikae ndani ya kodi kabisa. Mwenye nayo anaingia kwenye akaunti yako bila nywila.

mwana_python:
26, 5934, na sehemu ya pili imekubali. Asanteni sana wakuu. Naweka `.gitignore` kwanza, kisha naleta kiungo hapa.