Kwa nini Pennsylvania Turnpike bado inalipiwa, na mahandaki ya Breezewood yaliachwaje?

Dereva wa Pittsburgh

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha lori kati ya Pittsburgh na Philadelphia, na tozo za Pennsylvania Turnpike, barabara kuu ya kulipia inayovuka jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya kipato changu baada ya mafuta. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi ananihakikishia kwamba barabara hii ilipofunguliwa, wananchi waliahidiwa kuwa deni la ujenzi likishalipwa wangepita bure. Je, jambo hili lina ukweli? Pia nimeelezwa kwamba karibu na Breezewood kuna mahandaki mawili yaliyotelekezwa msituni, ilhali mengine tunayapita kila safari. Ningeshukuru kupata historia yake kutoka kwa wenye kuifahamu.

Mpenda Reli

Ndugu Dereva, nitaanza na mahandaki, kwa kuwa yana umri mkubwa kuliko barabara yenyewe, na hayakuchimbwa kwa ajili ya magari. Katika miaka ya 1880, William H. Vanderbilt, aliyemiliki reli ya New York Central, alikasirishwa na kampuni ya Pennsylvania Railroad kwa kuunga mkono reli shindani iliyopita kando ya mto Hudson, yaani katika eneo alilolihesabu kuwa lake. Akajibu kwa kuanzisha reli ya South Pennsylvania katikati ya eneo la wapinzani wake, akiungwa mkono na Andrew Carnegie, mwenye viwanda vya chuma vya Pittsburgh, ambaye alikuwa amechoshwa na nauli za mizigo alizotozwa na kampuni hiyo hiyo. Vibarua waliitoboa milima ya Appalachia katika sehemu tisa hadi mwaka 1885, ambapo mwenye benki J. P. Morgan aliwakutanisha wakuu wa pande zote mbili ndani ya boti yake ya anasa, Corsair, akawapatanisha. Kila upande ulikubali kumwachia mwenzake eneo lake, kazi ikasimama, na mahandaki yakabaki yamechimbwa nusu, yakikusanya maji kwa zaidi ya miaka hamsini. Kwa maoni yangu, ni nadra kupata mradi mkubwa kiasi hicho uliozaliwa kwa kisasi na kuuawa kwa mapatano ya siku moja.

Yalikumbukwa tena katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ilipokuwa ikitafuta kazi za kuwapa watu ajira. Barabara za zamani za kuvuka milima hiyo zilikuwa na miinuko iliyofikia asilimia 9, na majira ya baridi malori yalikwama kwenye theluji. Mwaka 1937 jimbo likaunda Tume ya Pennsylvania Turnpike, ujenzi ukaanza Oktoba 1938, na tarehe 1 Oktoba 1940 maili 160 kutoka Carlisle hadi Irwin zikafunguliwa. Mwinuko haukuzidi asilimia 3 popote, jambo lililowezekana kwa sababu wahandisi wa reli walikuwa wamekwisha kuitafuta njia ya chini kabisa. Mahandaki sita ya reli yalikamilishwa, na la saba, la mlima Allegheny, likachimbwa upya pembeni kwa kuwa miamba ya lile la zamani haikuaminika.

Mhasibu Mstaafu

Kuhusu tozo, mzee wako hakukudanganya. Wawekezaji binafsi hawakuwa na hamu na mradi huu, kwa hiyo serikali kuu ya Marekani ndiyo iliyoubeba: ilitoa ruzuku ya takriban dola milioni 29, na shirika lake la mikopo likanunua hatifungani (hati za deni) za takriban dola milioni 41. Dereva wa gari dogo alilipa takriban senti moja kwa maili, yaani dola 1.50 kwa safari nzima, na nia ya awali ilikuwa kwamba hatifungani zikishalipwa, barabara iwe ya bure.

Kilichoiondoa ahadi hiyo ni mafanikio. Makadirio yalikuwa magari milioni 1.3 kwa mwaka, lakini yakapita zaidi ya milioni 2, na mara moja ikaamuliwa barabara irefushwe. Ilifika Valley Forge mwaka 1950, mpaka wa Ohio mwaka 1951 na mto Delaware mwaka 1954, na kila kipande kilikuja na hatifungani mpya zilizotegemea tozo zile zile. Deni la kwanza halikupata nafasi ya kwisha peke yake.

Hata hivyo, ongezeko unalolilalamikia lina chanzo cha karibu zaidi. Sheria ya mwaka 2007, maarufu kama Act 44, iliilazimu Tume kuipa idara ya usafiri ya jimbo mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya barabara nyingine na usafiri wa umma. Kwa muda mrefu malipo hayo yalikuwa dola milioni 450 kwa mwaka, hadi yalipopunguzwa kuwa milioni 50 mwaka 2022. Tume ilikopa ili ilipe, na tozo zimepanda kila mwaka tangu 2009. Siwapingi wanaosema mabasi ya mijini yanahitaji fedha, ila kumtoza dereva wa lori mlimani kwa ajili hiyo ni njia iliyochaguliwa kwa sababu haikuwachukiza wapiga kura wengi.

Dereva wa Pittsburgh

Nawashukuru sana, wakuu. Limebaki moja: kwa nini hayo mawili yaliachwa ilhali mengine yanatumika?

Mpenda Reli

Barabara ilikuwa na njia mbili kila upande, lakini kwenye kila handaki ilibana na kuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, taa za lori linalokuja zikikumulika usoni bila ukuta wowote katikati. Kufikia miaka ya 1950 foleni za wikendi kwenye midomo ya mahandaki zilikuwa za maili kadhaa. Manne, yaani Allegheny, Tuscarora, Kittatinny na Blue Mountain, yalichimbiwa handaki la pili sambamba. Kwa Laurel Hill, Rays Hill na Sideling Hill, hesabu zilionyesha kuwa ni nafuu kupasua mlima na kupita juu: Laurel Hill liliachwa mwaka 1964, na mengine mawili mwaka 1968 pamoja na takriban maili 13 za lami, ambazo siku hizi hutembelewa na waendesha baiskeli. Ule mwinuko mrefu unaokulazimu kushusha gia mashariki ya Breezewood ndio uliochukua nafasi yake.