Uchumi ukiyumba, ligi zinamkata mtu wa chini kwanza. Mpaka lini?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mama aliyekuwa akikagua tiketi kwenye geti letu, anayetujua mpaka majina ya watoto, amepewa barua ya kuachishwa kazi. Wiki ile ile klabu ikatutumia ujumbe wa kulipia tiketi za msimu ujao. Bei imepanda! Sababu? "Hali ya uchumi."

Wimbo huu ni wa zamani. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipoanguka, NBA, ligi yao ya kikapu, ilipunguza wafanyakazi wapatao 80, na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikafuata ikakata zaidi ya 150. NFL hiyo hiyo yenye mikataba ya televisheni ya mabilioni ya dola iliyokwisha kusainiwa! Haikuwa inafilisika. Iliogopa tu kwamba wadhamini wangebana, ikaanza na makarani.

Desemba ya mwaka huo huo Houston Comets ikavunjwa kwa kukosa mnunuzi. Hawa ndio waliobeba mataji yote manne ya mwanzo ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, 1997 hadi 2000. Timu ya Sheryl Swoopes na Cynthia Cooper, imefutwa kama haijawahi kuwepo. Upepo ukivuma, ligi za wanawake ndizo za kwanza kutolewa nje.

Lakini linalonichoma zaidi ni Portsmouth. Walibeba Kombe la FA 2008 na kikosi cha mishahara ambayo klabu haikuwa na uwezo nayo. Mikopo ilipokauka, Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Wakakatwa pointi 9, wakashuka daraja. Hayo ya uwanjani. Sasa fungua orodha ya wanaowadai: kando ya wadai wakubwa wamo pia St John Ambulance, wale wa kujitolea wanaokimbia na machela shabiki akizimia jukwaani.

Na kanuni za soka la kule zinasema nini? Wachezaji na klabu nyingine walipwe chao chote kwanza. Wengine wote, pamoja na hao wa machela, wagawane makombo. Yaani mtu aliyeuza mshambuliaji kwa bei ya kuruka analindwa, aliyekubeba ukizimia halindwi! Nani alikaa akaandika kitu hiki na akalala usingizi?

Mkisema hayo ni ya zamani, chukueni Arsenal. Agosti 2020 walitangaza kuondoa wafanyakazi 55, wakati wachezaji walikuwa wameshakubali kukatwa asilimia 12.5 ya mishahara. Oktoba wakamnunua kiungo Thomas Partey kwa takriban pauni milioni 45. Simlaumu Partey hata kidogo. Nawalaumu walioshika kalamu.

Viongozi wa ligi wanatumia leo pesa za matangazo za mwaka kesho, miaka mizuri hawaweki akiba, halafu mambo yakiharibika bili anapewa mfagiaji wa jukwaa na sisi wa viingilio. Ligi inayoweza kuilazimisha klabu iwe na taa zenye mwanga fulani ili televisheni ionyeshe vizuri inashindwaje kuilazimisha itenge mishahara ya miezi sita ya watu wa geti?

Na kabla hamjaniletea ile ya "biashara ni biashara", nijibuni hili: wale wa machela walikosea hesabu wapi?