Lambrusco, Brachetto au Shiraz ya mapovu: ipi iende na kitimoto?

Mpishi_wa_Reggio: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi wakwe zangu wanakuja kula kwangu hapa Reggio Emilia, Italia. Nawakaangia kitimoto, ile yenye ngozi na mafuta yake, na ndizi na kachumbari ya ndimu na pilipili mbuzi. Nataka divai nyekundu ya mapovu. Dukani ziko hizo tatu. Nichukue ipi?

MamaTunu: Mkuu, uko kwenye shina la Lambrusco, usiende mbali. Wenyeji wanainywa na mortadella na zampone, nyama zao za nguruwe zenye mafuta, kwa sababu mapovu na uchachu vinakata mafuta mdomoni. Chukua Lambrusco aina ya Grasparossa, ile nyeusi inayoelekea zambarau. Ila soma lebo: "secco" ni kavu, "amabile" ina utamu, "dolce" ni tamu kabisa.

Shangazi_Melbourne: Huku Australia Shiraz ya mapovu ni ya Krismasi, na bata mzinga. Naipenda sana, lakini ni nzito, pombe hufika asilimia 13 au 14. Niliwahi kuinywa na kitimoto. Nyama ilikubali, kachumbari ikaiua. Pilipili nayo ikawaka maradufu.

Kijana_wa_Torino: Brachetto d'Acqui ibaki ya mwisho. Inanukia waridi na stroberi, ni tamu, pombe asilimia 5 au 6 tu. Mama mkwe mpe na keki ya chokoleti, atakupenda.

Babu_Karafuu: MamaTunu, samahani dada yangu, Grasparossa ina ukakasi, na ukakasi ukikutana na pilipili unageuka uchungu. Anayeamua hapa ni kachumbari, siyo nyama. Mwanangu, nunua Lambrusco di Sorbara: nyepesi, rangi ya waridi, uchachu wake unasimama na ndimu.

MamaTunu: Kwa pilipili, kaka, nakubali. Kwa ile ngozi iliyokauka, bado nabaki na Grasparossa.

Mpishi_wa_Reggio: Jana usiku nimekaanga vipande vichache nikafungua zote mbili. Grasparossa na ngozi tupu: ulimi umesafishika, nikataka kipande kingine papo hapo. Nilipoongeza kachumbari, ufizi ukakaza kama nimekula ndizi mbichi. Sorbara haikutikisika. Basi Grasparossa itatoka na vipande vya mwanzo, kabla pilipili haijafika mezani, na Sorbara mbili zitaingia kwenye friji saa mbili kabla ya wageni. Shukrani sana, wakuu.