Mjadala: Kituo cha vifaranga kihamie bomba, au kibaki kwenye mfongo?

Mleta mada
Tuchukue kituo cha vifaranga vya sato kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kinahitaji lita 10 kwa sekunde, na maji yanafika kwa mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga) wa udongo wa mita 800. Pendekezo ni banio (kizuizi cha kuchotea maji) la zege mtoni na bomba la kufukiwa. Mimi naunga mkono: mfongo unavuja, kwa hiyo ili lita 10 zifike lazima uchote nyingi zaidi. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ni lazima, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mto, hivyo matenki yote yakae nje ya hapo.

Mtumia mfongo
Mkuu, hayo unayoita yanavuja ndiyo yananywesha migomba na magimbi. Halafu kituo kikishapata bomba lake, nani atakuja msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) kuzibua mfongo? Na kiangazi mdomo wa bomba uliozama chini hunywa wa kwanza. Sisi tunabaki na mawe.

Fundi
Kwenye kipenyo ndipo watu huumia. Kwa lita 10, bomba la poli (plastiki) la milimita 110, daraja la presha PN8, linakula karibu mita 14 za mwinuko katika mita 800, yaani mdomo lazima uwe juu ya kituo kwa kiasi hicho. Ya 160 inakula mita 2 na kidogo. Kama una mita 5 tu za mwinuko, ya 110 haifikishi hata lita 6. Ila ndani ya 160 maji yanatembea taratibu, kama sentimita 60 kwa sekunde, na mchanga unalala kwenye mabonde. Weka tenki la kutuliza kabla ya bomba: mita 4 za mraba zinatosha mchanga wa milimita 0.1, tope laini linataka eneo kubwa zaidi, na mfinyanzi hautulii kabisa. Kila bonde liwe na tundu la kutolea tope, kila kilima valvu ya hewa. Chujio liwe sambamba na mkondo ili mto wenyewe ufagie majani. Ukilikingamisha, mvua ya kwanza tu limeziba.

Mtaalamu wa samaki
Fundi, hujagusa hewa. Mdomo usipozama vya kutosha maji huzunguka kama kwenye faneli, bomba linanyonya hewa, na presha inaiyeyusha. Maji yakishamwagika ndani ya tenki la vifaranga presha inashuka, vipovu vinajitokeza ndani ya mapezi na macho ya vifaranga. Maji ni maangavu, vifaranga wanaelea wakifa, na kila mtu anatafuta ugonjwa. Zamisha mdomo walau nusu mita chini ya usawa wa maji wa kiangazi, na mwishoni maji yadondoke kupitia sahani zenye matundu kabla ya kufika kwa samaki.

Jambo la pili ni baridi. Sato wakiwa chini ya nyuzi 22 kuzaa kunazorota, na mfongo angalau unaokota jua njiani. Bomba lililofukiwa haliokoti. Bwawa la kuyashikilia maji siku moja ili yapate joto, kwa lita 10, ni mita za ujazo 864. Nani analichimba?

Kwani hizo lita 10 ni za nini? Majagi ya kuangulia mayai yanataka maji yasiyo na tope, maana tope likifunika mayai ukungu unafuata. Kwa hayo lita 2 zinatosha, tena ukizungusha kwa chujio unapunguza zaidi. Mabwawa ya wazazi yanavumilia maji ya mfongo.

Fundi
Kwa lita 2, bomba la 90 linatosha. Linakula mita 2 hivi. Bei inashuka sana.

Mtumia mfongo
Basi kituo kinabaki mwanachama wa mfongo, na msaragambo wanakuja. Lakini lita 2 tutazijuaje?

Fundi
Sahani yenye mkato wa V wa nyuzi 90, maji yapite kwenye mkato huo, kwenye chemba ya wazi kabla ya bomba. Maji yakisimama sentimita 7 na kidogo juu ya ncha ya chini ya V ni lita 2. Yakifika 14, wanachota 10. Pima nyuma ya sahani kidogo, upande maji yanakotoka, si pale yanapodondokea. Piga alama ya rangi, ufunguo wa geti la kufungulia maji ushikwe na kamati ya mfongo.

Mleta mada
Ufunguo kwa kamati hapana. Geti likifungwa usiku mayai yanakufa. Funguo ziwe mbili.