Naomba ushauri: riwaya za siasa na historia ya India zinasomwaje? Nimeaibika dukani

Mla Kurasa: Wakuu, habari za jioni. Huu mwezi wa pili nahangaika na Midnight's Children ya Salman Rushdie. Kitabu kitamu, sikatai. Mtoto Saleem anazaliwa usiku wa manane uleule India inapopata uhuru, 15 Agosti 1947, na watoto wote wa saa hiyo wana vipawa vya ajabu. Shida yangu ni kwamba sijui wapi mwandishi anasimulia historia na wapi ananipiga kamba.

Wiki iliyopita nikajifanya mjuzi mbele ya mzee mmoja muuza vitambaa, asili yake Gujarat. Nikamweleza kifo cha Gandhi kwa mpangilio nilioukuta kitabuni. Mzee akavua miwani: "Kijana, hiyo umeisoma wapi?" Wateja wakacheka. Kumbe tarehe siyo.

Nisome historia kwanza ndipo nirudi kwenye riwaya? Au kuna nyepesi ya kuanzia? Kiingereza changu cha fomu foo, msinipige mawe.

Binti Ngazija: Pole kaka, nimecheka ila pole. Gandhi aliuawa 30 Januari 1948, na Rushdie analijua hilo kuliko sisi. Endelea kusoma, utafika mahali Saleem mwenyewe anakiri kwamba kifo hicho kakiweka tarehe isiyo yake, na anagoma kurekebisha. Ni kama babu anayekusimulia Vita vya Kagera: miezi kaichanganya, lakini baridi ya usiku ule anaikumbuka. Yule mzee wa vitambaa ulipaswa kumwambia "nimesoma kwa Saleem", basi.

Fundi Saa: Mkuu, umeanzia kileleni. Tafuta Train to Pakistan ya Khushwant Singh, ya 1956. Fupi, kijiji kimoja tu, Mano Majra, karibu na mpaka wa India na Pakistan, kina stesheni na daraja la reli. Masingasinga na Waislamu wameishi pamoja miaka nenda rudi, mpaka siku inaingia treni ambayo haishuki mtu.

Historia ya kubeba mfukoni ni hii tu: Waingereza walimleta mwanasheria wao, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India, wakampa kama wiki 5 agawe majimbo ya Punjab na Bengal kati ya India na Pakistan. Mpaka wake ukatangazwa 17 Agosti, siku mbili BAADA ya uhuru. Yaani kuna watu walishangilia uhuru hawajui wako nchi gani. Ukishalijua hilo, kila kiti kinachovutwa katika kijiji kile kitakutisha.

Mama Cherehani: Mimi naongeza A Fine Balance ya Rohinton Mistry. Mafundi cherehani wawili, mtu na mtoto wa ndugu yake, wanakuja mjini kutafuta riziki mwaka 1975. Juni ile mahakama ya Allahabad ilibatilisha ubunge wa Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa Hali ya Hatari. Ilidumu miezi 21: wapinzani ndani, magazeti yanakaguliwa, wanaume wanafungwa uzazi kwa nguvu. Mistry hamtaji Waziri Mkuu kwa jina wala mji wenyewe, na bado hupotei hata kidogo. Ila mwanangu, usikisome ukiwa na huzuni zako. Mimi nilikiweka chini wiki nzima.

Kobe Mwendo: Mnamwandalia mtu mtihani wa NECTA jamani. Tulipokuwa tunasoma Kusadikika ya Shaaban Robert, nani alikaa na kitabu cha historia pembeni? Asome hadithi.

Binti Ngazija: Kobe, Kusadikika ni nchi ya angani. Huyu Rushdie kawataja watu waliokuwa hai. Indira alimfungulia kesi Uingereza kwa sentensi MOJA kuhusu familia yake, ikabidi iondolewe. Hapo huwezi kusema ni hadithi tu.

Kobe Mwendo: Hiyo ya kesi sikuijua. Narudisha nusu ya maneno yangu.

Fundi Saa: Halafu The Great Indian Novel ya Shashi Tharoor usiiguse kwanza. Kachukua Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindi, akawavisha wanasiasa. Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, kawa Dhritarashtra, yule mfalme kipofu. Bila kuijua Mahabharata utawaona wenzako wanacheka, wewe umekodoa macho.

Mla Kurasa: Asanteni sana wakuu. Rushdie namfunga kwa muda, alama nimeiweka ukurasa wa 211. Naanza na treni. Mwanza kuna mwenye nakala ya kuazimisha?

Kobe Mwendo: Ninayo, niko Nyakato. Ila karatasi ya mwisho mtoto kaichana.

Mla Kurasa: Mkuu! Sasa mwisho nitaujuaje?

Kobe Mwendo: Nitakusimulia. Tarehe sikuhakikishii.